Jukwaa la Milimita Tatu

Nilianza na jukwaa kwa sababu nilidhani ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Kichwa cha treni kina magurudumu, kina bomba, kina mambo mengi. Behewa lina madirisha ya kukata moja moja kwa wembe. Lakini jukwaa la abiria? Kipande cha boksi, gundi, mchanga kidogo juu, umemaliza. Ndivyo nilivyojidanganya Desemba iliyopita, niliporudi nyumbani Songambele kwa likizo na kumwahidi mpwa wangu wa miaka tisa kwamba nitamtengenezea stesheni ya treni juu ya meza ya zamani iliyokuwa stoo.

Songambele ninayoisema ni hii ya Kyerwa, mkoani Kagera, sehemu iliyokuwa Karagwe kabla wilaya haijagawanywa mwaka 2012. Tanzania ina Songambele zaidi ya moja, kwa hiyo ni vizuri kutaja. Yetu ni ya migomba na kahawa, upande wa mto Kagera, na haina reli. Mpwa wangu treni ameiona kwenye simu tu. Mimi mwenyewe nilipanda treni kwa mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu. Mtu wa nyumbani aliyeijua treni tangu ujana ni baba yangu, na baba siku hizi macho yamemshinda. Presha ya macho imemla pole pole mpaka sasa anatambua mwanga na kivuli tu.

Nikaanza kwa kuchagua kipimo. Wazungu wenye mchezo huu wana vipimo vyao vya miaka mingi. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 reli za kuchezea zenye upana uliopangwa kwa namba, ili mtoto aweze kununua kipande leo na kingine mwakani na vyote viungane. Kipimo kinachotumika sana leo duniani ni cha 1 kwa 87. Mimi nikaona hizo hesabu za nini. Reli ya Kati yetu ina upana wa mita 1. Ukiipunguza mara 100 unapata sentimita 1 kamili. Mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 17. Behewa la mita 20 linakuwa sentimita 20. Rula ya shule inatosha.

Basi nikakata jukwaa. Nilichukua picha kwenye mtandao, stesheni za Ulaya zilizotengenezwa na wenye ujuzi wao, nikapima kwa macho, nikaona ukuta wa jukwaa unafika karibu na sakafu ya behewa. Nikafanya milimita 9, yaani sentimita 90 za kweli. Nikachora mistari ya mawe kwa penseli, nikapaka gundi, nikanyunyiza mchanga niliouchuja kwa chujio la chai. Lilitoka zuri, nasema kweli. Mpwa wangu alipiga makofi.

Jioni nikamwita baba aje “aone”. Nikamshika mkono, nikaweka kidole chake kwenye reli, halafu nikakipeleka pembeni mpaka kikagonga ukuta wa jukwaa. Akapapasa juu, akashuka, akapapasa tena.

“Hii ni stesheni ya wapi?”

Nikamwambia ni stesheni ndogo tu, ya njia ya Mwanza kwenda Tabora, aliyoipita akiwa mwanafunzi.

“Hapana, mwanangu. Hapa sisi hatukupandia. Ngazi iko wapi?”

Nikamweleza kwamba mtu akiwa juu ya jukwaa haitaji ngazi, anaingia tu. Akacheka. “Wewe umewahi kupanda treni na sanduku la bati kichwani?”

Hapo ndipo likizo yangu ilipoharibika, au tuseme ndipo ilipoanza.

Baba alichaguliwa kwenda Shule ya Sekondari Tabora mwaka 1975. Kwa kijana wa Karagwe safari hiyo ilikuwa ya namna moja tu. Unateremka Bukoba kwa gari lolote litakalokuchukua, unapanda MV Victoria jioni, unalala ziwani, asubuhi uko Mwanza. Unashinda Mwanza na sanduku lako mpaka saa ya treni, mkononi una waranti ya serikali. Kwenye mabehewa aliyoanza nayo mlikuwa na alama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kukawa na Shirika la Reli Tanzania, na yeye akamaliza shule akisafiri na treni ileile yenye jina jipya.

Na ngazi? Ngazi ilikuwa kwenye behewa lenyewe, vipande vya chuma chini ya mlango. Abiria alisimama chini, karibu sawa na reli, akaukamata ufito wa mlangoni, akainua mguu mpaka usawa wa goti au zaidi, akajivuta. Mwenye mzigo alimpa mtu mwingine kupitia dirishani. Mwenye mtoto, vilevile. Bibi kizee alisukumwa kwa nyuma na vijana wasiomjua huku akiwaombea baraka. Kwenye stesheni ndogo hata hilo jukwaa la chini halikuwapo, ilikuwa ni udongo na kokoto, na usiku unashuka bila kujua mguu utakanyaga nini.

Nilijua kwamba baba hasemi uongo, maana mimi pia nimepanda mabehewa hayo. Lakini, na hili ni la aibu kwa mwandishi wa habari, nilikuwa nimeinua mguu wangu mara zote hizo bila kujiuliza kwa nini nauinua. Mpaka nilipotakiwa kukata boksi.

Nikang’oa jukwaa. Nikaanza upya na milimita 3.

Sasa ukishapunguza jukwaa hivyo, stesheni yote inabadilika mbele yako. Jukwaa la milimita 9 linaitawala meza, linaonekana kama ndilo sababu ya stesheni kuwapo. La milimita 3 linapotea. Unabaki unaona kitu kingine, na hicho kingine baba alinionyesha bila hata kukusudia. Nilimuuliza pale Mwanza walikuwa wanakaa wapi kutwa nzima. Akasema walipenda kukaa kwenye ukingo wa ghala la mizigo, miguu inaning’inia, maana pale ni juu, kuna kivuli, na mvua ikinyesha maji hayakufikii.

“Juu kiasi gani?”

“Sawa na behewa la mizigo. Wapagazi walikuwa wanasukuma kigari na robota la pamba, kinatoka ghalani kinaingia behewani, hakuna kunyanyua.”

Niliandika maneno hayo kwenye daftari, halafu nikayasoma tena. Yaani kwenye stesheni hiyo hiyo, fundi aliyejua kabisa namna ya kujenga sakafu iliyo sawa na behewa aliijenga kwa ajili ya pamba. Binadamu akajengewa milimita 3.

Si siri ya ajabu. Ghala la mizigo karibu kila pahali lilipo duniani hujengwa hivyo, kwa sababu robota halina miguu. Na majukwaa ya chini hayakuwa yetu peke yetu, hata nchi nyingi za bara la Ulaya zilikuwa nayo, na Wajerumani walikuja na walichokizoea. Lakini tazama na historia yenyewe ya hiyo reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Ilipangwa kubeba mazao kwenda baharini na askari kwenda bara. Mataruma waliyatengeneza kwa chuma kwa sababu mchwa wa nchi hii hawakuachi mbao salama. Angalia umakini huo! Walimfikiria mchwa. Waingereza nao walipochukua Tanganyika wakajenga tawi la Tabora kwenda Mwanza, likakamilika mwaka 1928, na kule kulikuwa na Usukuma na pamba yake. Abiria Mwafrika alipanda daraja la tatu. La kwanza kwa kawaida lilikuwa la Wazungu na la pili la Waasia. Hakuna sheria ya jukwaa iliyohitajika kumwambia mtu nafasi yake. Alipofika kwenye behewa akainua mguu, alishaambiwa.

Nilitaka kuishia hapo, nifunge mambo ya historia nirudi kwenye gundi. Lakini mpwa wangu akauliza swali la mtoto: “Mjomba, kwa nini treni haikuja kwetu?”

Ilikaribia kuja, au angalau kupita jirani. Mwaka 1914 Bunge la Ujerumani liliidhinisha reli nyingine, ya kutoka Tabora kwenda kaskazini-magharibi mpaka kwenye kona ya mto Kagera, ili kuifikia Rwanda. Kazi ilianza. Agosti mwaka huo vita vikalipuka, na kazi ikasimama. Kahawa ya mkoa wetu tangu enzi hizo ilikuwa imeshapata njia yake ya maji. Reli ya Uganda ya Waingereza ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za Bukoba zikawa zinavuka ziwa kwenda Kisumu, kisha Mombasa. Yaani hata chini ya bendera ya Mjerumani, kahawa ya Mhaya na ya Mnyambo ilisafiri kwa reli ya Mwingereza.

Na baadaye treni ilifika Kagera kweli, ila kwa namna ambayo ukimsimulia mtoto hacheki, anashangaa. Katika miaka ya 1960 ziwa lilipata meli za kubeba mabehewa. Moja ni MV Umoja, ambayo tumbo lake lina reli. Kemondo, kusini mwa Bukoba, kukajengwa gati la kupokelea mabehewa hayo. Behewa la mizigo liliweza kuvuka ziwa likaja mpaka Kagera, likapakiwa kahawa, likarudi. La abiria halikuja. Ukiwa mtu, unapanda meli na sanduku lako kichwani. Ukiwa gunia, treni inakufuata nyumbani.

Nikaongeza ghala kwenye meza yangu. Sakafu yake nikaipa milimita 10.

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana kuna atakayetaka kujaribu. Nondo zetu za ujenzi hufungwa kwa waya mwembamba wa karibu milimita 1, na huo ndio uliokuwa reli zangu, kwa sababu reli ya kweli ya njia hii ina kimo cha sentimita kumi na kitu. Unaunyoosha kwa kuuviringisha kati ya mbao mbili. Mataruma ni vipande vya boksi vya sentimita 2, nimevipaka rangi ya kutu. Kokoto ni mchanga wa mto, lakini uchuje mara mbili, kwa sababu punje moja kubwa ni jiwe la kuua mtu katika kipimo hiki. Bati la paa lilinitesa zaidi. Bati la kweli lina mawimbi ya karibu sentimita 7 na nusu, kwa hiyo la kwangu lilitakiwa mawimbi yasiyofika milimita 1. Nilichukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nikailaza juu ya bolti ndogo yenye meno ya karibu, nikaikandamiza kwa kucha. Mawimbi yakatoka yenyewe. Ukishabandika, paka kutu kidogo kwa majani ya chai, hasa kwenye misumari.

Ukingo wa jukwaa usiubandike kabla hujapitisha behewa. Reli ikiwa imenyooka hakuna shida. Ikipinda, tumbo la behewa hutokeza upande wa ndani wa kona na ncha zake hutokeza upande wa nje. Mimi nilibandika kwanza, behewa langu la boksi likakwangua jukwaa lote. Ndiyo maana wajenzi wa kweli walipenda kuweka stesheni mahali palipo wima, na ndiyo maana pia mkuu wa treni aliyesimama mlangoni aliweza kuwaona abiria wote mpaka mwisho.

Na urefu. Treni ya mabehewa 15 ingehitaji mita 3 kwenye kipimo changu, na meza yangu haifiki mita 2. Wenye mchezo huu wote hukata, wanabakiza mwanzo na mwisho, katikati wanapunguza. Nilifikiri huo ni udanganyifu mpaka nilipokumbuka kwamba ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya kila siku gazetini. Swali ni unakata nini. Kilichonishtua ni kwamba mara ya kwanza, bila kulazimishwa na meza wala na mtu, nilikata ngazi, nikamkata na bibi kizee anayesukumwa.

Watu niliwatengeneza kwa waya na uzi uliotiwa gundi, milimita 17 kila mmoja, na baba ndiye aliyesema nani asimame wapi. Wauza mayai ya kuchemsha na ndizi hawasimami mstari mmoja, wametawanyika kwa urefu wote wa treni kwa sababu hakuna anayejua dirisha gani lina mteja. Vikapu viko kichwani, kwa kuwa jukwaa likiwa chini dirisha liko juu, na kichwa ndiyo meza inayofika dirishani. Ona hapo. Jukwaa la milimita 3 lilimdhalilisha abiria, lakini biashara ya akina mama ilijifunza kuishi nalo. Ukisafiri Reli ya Kati utasimuliwa kuhusu kuku wa Saranda. Kuku huyo alijulikana nchi nzima kwa kupitia dirishani.

Mkono wa mtu wa Karagwe kutengeneza vitu vidogo vyenye maana kubwa si jambo geni. Mfalme Rumanyika, aliyempokea Speke mwaka 1861, alikuwa na nyumba ya hazina ambayo Stanley aliiona alipofika mwaka 1876, na mle ndani mlikuwa na mifano ya wanyama ya shaba, ng’ombe wakiwamo. Wahunzi wa ufalme ule walifua pia ng’ombe wadogo wa chuma, pembe zao ndefu zimepinda kama za kweli. Hawakuwa vitu vya kuchezea. Walikuwa alama za utawala, namna ya mfalme kuishika nchi yake mkononi. Nilipomsimulia baba hilo alisema tu kwamba yule mhunzi lazima alikuwa amekaa sana na ng’ombe, maana huwezi kupinda pembe usiyoijua. Sikujibu. Nilikuwa nimeshapinda jukwaa nisilolijua.

Juni 14, 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nimeipanda kikazi. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, lakini kilichonisimamisha ni jukwaa. Unatembea juu ya sakafu safi, mlango unafunguka, unaingia. Hakuna kuinua mguu. Nilimwona mama mmoja mtu mzima akivuta begi lake la magurudumu kama ambavyo robota lile la Mwanza lilivyovutwa. Miaka zaidi ya mia moja imepita tangu Kigoma, na mtu amefikia usawa wa pamba. Ningependa baba aguse ukingo ule kwa mguu wake.

Lakini sikuona kikapu hata kimoja. Jukwaa hilo linaingiwa na mwenye tiketi tu, dirisha halifunguki, na muuza mayai amebaki nje ya geti kubwa. Sisemi turudi kusukumana. Hakuna aliyewahi kujivuta kwenye chuma kile akiwa na mtoto mgongoni atakayetamani kurudi. Nasema tu kwamba kila jukwaa linajengwa na mtu aliyeamua nani apite kwa urahisi, na uamuzi huo unabaki pale muda mrefu kuliko yeye. Kuna mpango wa kuipeleka SGR kutoka Isaka mpaka Rwanda kupitia Rusumo, karibu njia ileile ya mwaka 1914. Ikifika upande wetu kutakuwa na stesheni, na mtu atashika rula. Ningependa awaulize kwanza wanaobeba ndizi.

Siku ya mwisho ya likizo tuliweka kibao cha jina. Mpwa wangu aliandika mwenyewe, kwa kalamu nyeusi, herufi zimejibana: SONGAMBELE. Baba alipoambiwa alicheka sana, akasema jina hilo ndilo alilolisikia kuliko yote kwenye treni, maana kila stesheni kulikuwa na mtu mlangoni anawapigia kelele waliojazana: songa mbele, songa mbele, wengine waingie!

Halafu akapapasa tena. Reli, jukwaa, ngazi za behewa, ghala. Kidole kilipanda milimita 10 za ghala kikatulia juu yake kidogo, kikashuka. Nikasubiri anisifu.

“Na bomba la maji umeliweka wapi? Watu wanashuka hapa na madumu.”

Nikamwambia mpwa wangu alete gundi.